Mabweni Yanayolala Matupu Mwezi wa Sita

Hotuba ya mwalimu wa jiografia mbele ya mkutano wa mwaka wa walimu, wazazi na wanafunzi, mkoani Lindi

Mheshimiwa mwenyekiti wa bodi, mkuu wa shule, walimu wenzangu, wazazi wetu, nanyi wanafunzi wa kidato cha tano mliojazana kule nyuma karibu na mlango: Assalaam aleikum. Bwana asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Na wazee wangu wote, shikamooni.

Nimepewa nafasi nieleze safari yangu ya Ujerumani ya mwaka jana. Mzee mmoja wa bodi ameniuliza hapo nje kama nimeleta picha za theluji. Mzee wangu, nilikwenda mwezi wa sita, wakati jua la kule linazama saa tatu na nusu usiku. Theluji sikuiona. Nilichokiona kwa wingi ni vitanda vya dabo deka, na ndivyo nitakavyovizungumzia asubuhi hii, kwa sababu nina ombi mbele ya mkutano huu na ombi lenyewe ni la vitanda.

Mnafahamu kuwa shule yetu ina urafiki na shule moja ya huko. Walimu wawili tulialikwa kwa wiki mbili. Mwenzangu alirudi. Mimi nilikuwa nimeomba viza ya siku nyingi zaidi tangu mwanzo, nikaunganisha na likizo yangu, nikavaa shanta mgongoni na kuizunguka nchi nikilala hosteli, yaani nyumba za wageni unakolipia kitanda badala ya chumba. Naona baadhi ya kina mama mnatazamana. Mwanamke, mwalimu, mwenye hijabu yake, peke yake, na shanta. Ndiyo. Nitafika huko.

Kwanza viza, maana wanafunzi huniuliza nauli ya ndege na kuisahau viza. Ada yake kwa nchi za Schengen, zile za Ulaya zinazotumia viza moja, tangu Juni 2024 ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Unatakiwa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, taarifa ya benki, barua ya mwajiri kwamba kazi ipo na ruhusa umepewa, na uthibitisho wa mahali utakapolala. Kijana wa Kijerumani akitaka kuja kuogelea Kilwa, anajaza fomu mtandaoni na kulipa dola 50, au anashuka uwanjani na kulipia hapohapo dirishani. Yeye anaweza kusafiri anakopelekwa na upepo. Mwenye pasipoti yetu husafiri na faili. Ninawaambia hivi vijana ili msije mkatazama picha za wenzenu mtandaoni mkadhani kusafiri kwa shanta ni kuamka tu na kuondoka. Kwetu sisi nusu ya safari hufanyika mezani, na hapo hosteli ikanifaa hata kabla sijapanda ndege: nyingi zinakuruhusu kuhifadhi kitanda na kukifuta baadaye bila gharama, kwa hiyo nilipeleka ubalozini orodha ya vitanda vya kila usiku, mji kwa mji.

Usafiri wa ndani ulikuwa rahisi kuliko nilivyotegemea. Wana tiketi ya mwezi, Deutschlandticket, inayokupandisha treni zote za mikoani, mabasi ya mjini na tramu, nchi nzima. Ilipoanza Mei 2023 ilikuwa euro 49, mwaka jana nililipa 58, mwaka huu imefika 63. Haipandi treni za mwendo kasi, na ina mtego: ni mkataba unaojirudia kila mwezi, usipoufuta kabla ya tarehe 10 utakatwa na mwezi unaofuata, hata kama umesharudi Lindi unakula pweza. Na usijaribu kupanda bila tiketi. Hakuna konda wa kubembeleza. Faini ni euro 60.

Sasa twende Altena. Nimewahi kuwafundisha baadhi yenu ramani ya Ujerumani na sikuutaja mji huu, maana hata Wajerumani wengi hawana habari nao. Ni mji mdogo wa viwanda vya nyaya, umebanwa kwenye bonde la mto Lenne, treni inaingia ikifuata mto kutokea Hagen. Juu ya mlima ipo ngome ya kale ya mawe. Siku hizi wametoboa mlima na kuweka lifti, unaingia chini kwenye mtaa wa maduka na kutokea uani mwa ngome. Nilikwenda kwa sababu ndani ya ngome ile ilifunguliwa hosteli ya kwanza ya kudumu ya vijana duniani, mwaka 1912, na kwa sababu aliyeifungua alikuwa mwalimu wa shule kama sisi.

Jina lake Richard Schirrmann. Mwezi Agosti 1909 alikuwa njiani na wanafunzi wake, safari ya miguu ya siku nane kutoka Altena kwenda Aachen. Watoto wa mji wa viwanda, ambao kifua chao kilijua moshi kuliko hewa. Tarehe 26, katika bonde la mto Bröl, mvua ya radi ikawakuta. Walipata hifadhi kwenye darasa la shule ya kijiji, wakatandika majani makavu sakafuni. Watoto wakalala, na mwalimu akabaki macho akiwaza. Wazo lililomjia usiku ule naomba mlisikilize vizuri, kwa sababu halikuwa wazo la kujenga hoteli. Aliona kwamba kila kijiji kina shule, na kila shule wakati wa likizo ni nyumba tupu. Akapiga hesabu: madarasa mawili yanatosha, moja la wavulana na moja la wasichana. Madawati yasogezwe na kupandishwa juu kwa juu, ipatikane nafasi ya vitanda 15. Kila kitanda kiwe godoro la majani, mto, shuka mbili na blanketi. Na kila mtoto atandike na kusafisha pale alipolala. Shule hizo ziachane umbali wa kutembea siku moja, ili mtoto wa mfanyakazi aweze kuivuka nchi yake kwa miguu bila kuwa na fedha za hoteli.

Aliliandika wazo hilo gazetini mwaka 1910, akaanza kwa shule yake mwenyewe, kisha akapewa vyumba vya ngome. Vyumba vile bado vipo, ni makumbusho. Niliingia. Ukuta mnene, dirisha dogo, na vitanda vizito vya mbao vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nilisimama pale nikacheka peke yangu, mlinzi akanishangaa. Nimelala miaka sita kwenye bweni la serikali, na kama isingekuwa mbao badala ya chuma ningemwonyesha mlinzi yule kitanda changu kilikuwa kipi: cha juu, karibu na dirisha, mbali na mlango anakosimama matroni.

Kufikia mwaka 1932 Ujerumani ilikuwa na hosteli zaidi ya 2,000, na mwaka huohuo vyama vya nchi mbalimbali za Ulaya vilikutana Amsterdam na kuunda shirikisho la kimataifa. Mwaka uliofuata Schirrmann akawa rais wake. Lakini mwaka huohuo wa 1933 Wanazi walichukua nchi, hosteli zikawekwa chini ya umoja wa vijana wa Hitler, na mwalimu yule akasukumwa nje ya kazi aliyoianzisha. Nyumba iliyojengwa ili mtoto yeyote apate pa kulala ikawa ya watoto wa aina moja. Mayahudi hawakuwa na kitanda humo tena. Nalitaja hili sasa kwa sababu nitalihitaji baadaye, tutakapofika kwenye suala la nani apokelewe na nani asipokelewe.

Kina mama, nimeahidi kuwajibu. Hosteli za chama cha hosteli za vijana cha Wajerumani hutenganisha wanawake na wanaume. Zile za watu binafsi mijini zina mabweni ya mchanganyiko, na zina ya wanawake watupu. Unachagua wakati wa kuhifadhi, na la wanawake huzidi bei kidogo, mara nyingine halizidi. Kitanda kwenye chumba cha watu sita huanzia euro 20 na kitu, lakini mji ukiwa na maonyesho ya biashara au sherehe kubwa, bei inapanda hadi unajuta. Ukifika mapokezi unaonyesha pasipoti na kujaza fomu ya wageni. Mjerumani mwenyewe tangu Januari 2025 haijazi, mgeni anajaza. Kisha kwenye hosteli za chama unakabidhiwa shuka na foronya na unatandika mwenyewe. Asubuhi ya kuondoka unazivua na kuzirudisha kikapuni. Nilimwona profesa mmoja mstaafu, mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, kaja kwa baiskeli, anahangaika kuvisha duveti foronya yake akiwa amepiga magoti kitanda cha juu. Nikamsaidia. Aliniuliza nimejifunza wapi kutandika haraka vile.

Kabati lina tundu la kufuli lakini kufuli unakuja nalo. Hapa ninyi wa bweni mna faida kubwa kuliko kijana wa Ulaya aliyelelewa akiwa na chumba chake mwenyewe. Kuficha sabuni, kulinda ndala, kuoga haraka foleni ikiwa ndefu, kulala jirani anakoroma, kuamka alfajiri bila kuwasha taa: haya yote mmeshafundishwa. Niliswali alfajiri kwenye ukumbi wa kulia chakula kabla watu hawajaamka, na sehemu moja mama wa mapokezi, bila kuombwa, alinionyesha chumba kidogo cha mikutano akasema hakitumiki kabla ya saa tatu.

Kuanzia saa nne usiku ni kimya. Si kimya cha kutangazwa tu kama chetu.

Lakini kama mtu ataniuliza hosteli iko wapi hasa, nitamwambia iko jikoni. Kule vyumbani watu wanalala. Jikoni ndiko unakokutana nao. Kuna friji, na kila mfuko una karatasi yenye jina na tarehe ya kuondoka. Kuna rafu moja ya vitu vilivyoachwa na waliotangulia: chumvi, nusu pakiti ya tambi, mafuta kidogo, majani ya chai. Yeyote achukue. Jumapili karibu maduka yote yamefungwa, na mgeni asiyejua hilo huokolewa na rafu ile. Nilisonga ugali wa unga wa mahindi nilioununua kwenye duka la Waturuki, mwanafunzi wa Korea akasimama pembeni akitazama mwiko kama anaangalia mpira. Meza moja walikaa mafundi ujenzi wa Kipolandi wanaoishi hosteli kwa sababu kodi ya nyumba imewashinda. Mwingine kijana wa Syria aliyekuwa akitafuta nafasi ya kujifunza ufundi. Kwa hiyo si wote ni watalii. Msidanganywe na matangazo yenye vijana wanaocheka. Hosteli za mjini zinabeba pia watu wasio na pa kwenda, na mimi niliziheshimu zaidi nilipoliona hilo.

Yapo na yasiyopendeza. Kwenye treni ya kutoka mpakani, upande wa Aachen, askari waliingia kukagua, wakavipita viti vingi, wakasimama kwangu. Pasipoti ilikuwa kifuani, viza sawa, wakashukuru wakaondoka. Abiria wa pembeni hawakuulizwa. Pasipoti yako isikae kwenye shanta juu ya rafu. Ikae mwilini.

Sasa Berlin, na hapa naomba watu wa Lindi tusogeze viti.

Kwenye makumbusho yao ya viumbe asilia, ukumbi wa kwanza, amesimama mnyama mwenye kimo cha mita 13.27. Ni mifupa ya dinosaria mkubwa kuliko wote waliosimamishwa makumbushoni kule. Ametoka Tendaguru. Wanafunzi, Tendaguru ni hapa, kilomita zipatazo 60 kutoka bandari yetu. Uchimbaji ulianza mwaka 1909, mwaka uleule ambao mwalimu Schirrmann alinyeshewa na watoto wake, ukaendelea hadi 1913. Mamia ya vibarua, watu wa mkoa huu, miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji kuiacha nchi na njaa, walichimba chini ya usimamizi wa kina Boheti bin Amrani, wakafunga mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani siku kadhaa za mwendo hadi Lindi, ikapakiwa meli. Zaidi ya tani 200. Hakuna aliyewajengea banda la kulala njiani.

Asubuhi ile nilipokuwa nimesimama chini ya mnyama yule, liliingia darasa zima la watoto wa miaka kumi na miwili hivi, na mwalimu wao. Niliwatambua. Tulikuwa tumekunywa chai ukumbi mmoja saa mbili kabla, wamelala ghorofa ya juu yangu, wametoka mji mwingine kwa treni. Safari ya darasa, kila shule kule inayo, na hosteli za chama zinaishi kwa safari hizo kuliko kwa watu kama mimi. Watoto wale wakakaa sakafuni na kuchora mifupa ya Tendaguru. Mmoja alimuuliza mwalimu Tendaguru iko wapi. Mwalimu alionyesha ramani, kidole kikatua karibu na hapa tulipo.

Nimerudi nikawauliza wanafunzi wangu wa kidato cha tano, mchepuo wa jiografia: nani amefika Tendaguru? Hakuna mkono. Kilwa Kisiwani, iliyoingia orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, mkoa wetu wenyewe? Mikono minne, na mmoja kati yao kwao ni Kilwa Masoko.

Tatizo tunalolitaja kila mwaka ni nauli na pa kulala. Nauli ni kweli. Pa kulala nitabisha. Ndani ya uzio huu kuna mabweni manne. Mwezi wa sita wanafunzi wakienda likizo, wanabaki wa kambi ya mitihani, nao wanaenea kwenye mabweni mawili. Mawili mengine yanafungwa. Magodoro yanakunjwa, popo wanahamia. Na shule za bweni za Iringa, Tanga, Mwanza, zote zinafanya hivyohivyo mwezi huohuo. Mjerumani alilazimika kuanza na majani makavu. Sisi tuna vitanda vya chuma, tuna matroni na patroni wanaoishi humuhumu, tuna jiko lenye sufuria za kulisha watu mia nne.

Ombi langu ni hili. Bweni moja kati ya hayo mawili yanayofungwa lifunguliwe wiki mbili za likizo ya Juni kwa wanafunzi wa shule nyingine wanaokuja na mwalimu wao kuona Tendaguru na Kilwa, na shule zao zitupokee sisi kwa zamu. Shilingi 4,000 kwa kitanda kwa usiku, ya maji, sabuni na posho ya matroni. Mgeni aje na shuka zake. Atandike, afagie, aondoke.

Najua kinachokuja. Mkuu wa shule ataniambia kibali, na ana haki, jengo ni la serikali na likitokea la kutokea jina ni lake. Rasimu ya barua kwa afisa elimu nimemkabidhi jana. Ulinzi: wageni hawaji mmoja mmoja, wanakuja na mwalimu aliyesaini orodha ya majina, na mlinzi wetu wa usiku yupo likizo au si likizo. Wazazi wa wasichana: bweni moja, jinsia moja kwa wiki. Wiki ya kwanza wasichana, ya pili wavulana. Sitaki kusikia habari ya pazia katikati.

Na lile nililoliacha kiporo: nani apokelewe. Kwenye kikao cha awali mtu alipendekeza tuanze na shule za dini yetu tu, tuzoeane kwanza. Nimwombe radhi, sitalikubali. Shule ya serikali, ya binafsi, seminari ya Kikatoliki, seminari ya Kiislamu, wakiwa na mwalimu na orodha yao, kitanda ni kilekile na bei ni ileile. Mkitaka kuchagua, basi naomba bweni libaki limefungwa, popo hawabagui.

Mwalimu mwenzangu wa jiografia kule Iringa ana wasichana 24 walio tayari, na anasubiri simu yangu jioni ya leo. Mwenyekiti, nitashukuru jambo hili likipigiwa kura kabla ya chakula, maana baada ya pilau sitapata akidi. Ufunguo uko kwa matroni. Nimemuuliza, anasema akiiona barua ya mkuu wa shule atafungua na kufukiza ubani kabisa. Nipo tayari kwa maswali, na yule mzee wa theluji naona ameshanyoosha mkono, bila shaka anataka kuuliza kuhusu vyoo.